Kinga ya Bwana Chuma

Tangu alipougua kidingapopo akapona, bwana mmoja alijipachika jina la Chuma. Alikuwa meneja wa duka la samani, mtu wa sauti nene na kifua mbele, aliyesimulia homa yake kana kwamba amerudi vitani. Shemeji yake, mdogo wa mkewe na mtaalamu wa maabara, alimsikiliza kwa adabu ya mdomoni tu. Moyoni alishamwona puto.

Siku moja Chuma alimfuata kazini, akakunja mkono wa shati hata kabla ya kuketi.

"Shemeji, nipime hizo kingamwili. Watu waone natembea na jeshi."

Sindano ilipotokea, chuma kizima kikafumba macho.

Majibu yalipotoka, shemeji yake alimweleza taratibu kama anayemwelewesha mtoto. "Unazo, tena nyingi. Lakini virusi vya kidingapopo ni vya aina nne, na kinga yako inaijua vizuri ile moja iliyokulaza. Ikija nyingine, kingamwili hizo zinaweza kuishika nusunusu bila kuiua, zikaisaidia kuingia kwenye chembe za mwili. Mara ya pili inaweza kuwa mbaya zaidi. Funika mapipa yako, jikinge na mbu hata mchana, na umuulize daktari habari za chanjo."

Chuma alisikia neno moja tu: nyingi.

Alipofika nyumbani aliwatimua mafundi waliokuja kuweka nyavu madirishani. Mapipa yakabaki wazi, viluwiluwi vya mbu vikijichezea. Dada mtu alipolalamika kwenye simu, mdogo wake alisonya.

"Mwache. Kichwa kile hakiingii kitu ila homa."

Mvua zilipoanza, homa ikaingia kweli. Iliposhuka wakadhani amepona, kumbe ndiyo kwanza mambo yanaharibika: fizi zikatoka damu, tumbo likamkaza, presha ikaanguka. Alilazwa, akatundikiwa maji. Damu yake ikaletwa maabara, na shemeji yake akaipima mwenyewe. Aina ya pili. Alibaki ameikodolea macho mashine. Alimdharau, ndiyo, ila hakumtakia kifo. Na kufikiria dada yake akiachwa mjane kwa upuuzi wa namna hii kulimzidishia dharau.

Chuma hakufa. Alipopata nafuu, wafanyakazi wenzake walikuja kumjulia hali, na mmoja akauliza kilichomsibu.

"Malaria," Chuma alijibu upesi. "Kali sana."

"Kidingapopo tena," alisema shemeji yake, aliyesimama miguuni pa kitanda. "Aina nyingine. Kinga aliyokuwa akijivunia pengine ndiyo iliyomkaribisha mgeni."

Mmoja wao akajikohoza kuficha kicheko. Walipoondoka, Chuma aligeukia ukuta.

"Umeniaibisha, shemeji."

"Mimi nimetaja ugonjwa tu. Aibu umejitafutia."

Dada mtu, aliyekuwa kando ya kitanda, hakumtetea. Alimfunika shuka vizuri, akatoka na mdogo wake hadi kwenye korido, na huko, kwa mara ya kwanza tangu mumewe alazwe, akacheka mpaka akaegemea ukuta.