Karatasi Iliyoandikwa KAMERA

Ile karatasi ya gundi ninayo kwenye pochi mpaka leo. Imeandikwa KAMERA, kwa mwandiko wa bosi wangu Remigius, na kila nikiiona damu inanichemka.

Pale kituo cha afya, nilikokuwa fundi wa kompyuta, tulikuwa na sheria moja: ukihamisha waya, hamisha na karatasi ya jina lake iliyobandikwa pale unapochomekwa. Sheria ya Remigius mwenyewe. Na ni yeye aliyekwenda tawi letu la Lupiro, akahamisha waya, karatasi akaziacha palepale.

Jumanne moja ya masika alinipigia kutoka Morogoro, kwenye semina. Akasema kamera za ulinzi za Lupiro zinamaliza mtandao, nizime ule mlango wa pili wa kompyuta, unapochomekwa waya wake. Mimi nilikuwa Ifakara, nimeingia kwenye kompyuta ya Lupiro kwa mbali. Nikamwomba tumsubiri mtu wa kule akauangalie kwanza.

"Zima, Stefania. Usinifundishe kazi."

Nikaandika amri, eth1, ndilo jina la mlango huo, halafu down, yaani zima, nikabonyeza Enter. Kioo kikaganda. Hakikuleta kosa, hakikuleta jibu, kimya tu. Mlango niliozima ndio niliokuwa nimeingilia, na hapakuwa na njia ya kuufungua tena bila kufika kwenye ile kompyuta yenyewe.

Nilichukua bodaboda. Tulivuka daraja, tukatumbukia kwenye tope, saa mbili nzima njiani. Kufika, nikamkuta nesi Balbina amesimama mbele ya kompyuta, glavu bado mkononi. Kabula, mke wa Nkwabi, mfugaji wa kule mbugani, alikuwa anatokwa damu na mtoto hajatoka. Mnara wa simu wa Lupiro ulikuwa umekufa tangu asubuhi. Balbina alikuwa ameandika mara nne kuomba gari la wagonjwa, na zote nne zilikuwa zimekwama humo.

Nikakaa. Nikaandika amri ileile, pale pa down nikaweka up. Neno moja. Sekunde mbili, jamani! Maombi yote manne yakaondoka kwa pamoja.

Gari lilikuja. Kabula alipona. Mtoto hakupona.

Kesho yake Remigius alifika kituoni Ifakara na barua iliyokwishachapwa: radi imepiga mitambo, tarehe, saa, nafasi ya sahihi yangu. Hata pole hakusema. Nilimwonyesha ile karatasi niliyoibandua kwenye ule mlango wa pili, akaitazama kama uchafu, akasema nifikirie mkate wangu. Niliufikiria. Nina mama Mang'ula anayenitegemea, na huyo mtu alilijua hilo vizuri sana.

Nkwabi alikuwa kwenye benchi la korido, akimsubiri mkewe aliyelazwa, kofia magotini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini. Akaitazama barua mkononi mwangu.

"Binti, wanasema ni radi."

Remigius alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia anakohoa.

"Si radi, baba. Nilizima mimi, kwa mkono wangu. Na huyu ndiye aliyeniamuru, baada ya kuhamisha waya bila karatasi zake."

Remigius akaanza maneno yake ya kitaalamu, mara mfumo, mara itifaki. Mimi nilikuwa na hasira na aibu, sikujua ipi ni ipi. Nilingoja Nkwabi anitukane. Ilikuwa haki yake.

Aliichukua kofia yake, akasogea pembeni, akaniachia nafasi nikae.