Upana wa Matairi ya Mbele

Mama Upepo alikuwa akipaka sabuni mdomo wa tairi la lori pale kigari chekundu cha mbio kilipoingia karakanani kwake, kikanguruma kidogo kwa kujionyesha, kikazimwa. Aliyeshuka ni binamu yake Mkandarasi, mtoto wa kaka wa mama yake, amevaa glavu za ngozi zisizo na vidole. Alikuwa amekipunguzia kigari uzito hadi kikabaki kama kopo. Aling'oa zulia, redio, kiti cha abiria, jeki, na hata kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, maana ya nyuma, alisema, hayamhusu.

"Nataka kuisikia barabara," alisema. "Gari jepesi namna hii ukilivalisha matairi mapana mbele, usukani unakufa ganzi. Nifungie membamba, binamu. Milimita 165."

Mama Upepo alimuuliza kama ana hakika. Mkandarasi akamjibu kwamba kazi yake yeye ni kujaza upepo, hakika amwachie mwenye gari. Basi akamfungia.

Barabara yenyewe ilijengwa na Mkandarasi huyo huyo. Kabla yake palikuwa na mtaa: nyumba zilizogusana migongo, bomba moja la maji, safu ya mafundi cherehani, na nyumba ya shangazi yake Mkandarasi, yaani mama yake Mama Upepo, aliyemlea Mkandarasi tangu hajui kufunga kamba za viatu. Zikaja alama za X za rangi nyekundu, likaja buldoza, na gazeti likaandika kwamba wakazi wamehama kwa hiari. Kuhama walihama. Kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha pa kwenda, walihamia chini. Walichukua vitanda, masufuria na kuku wao, wakashuka, na lami ikamwagwa juu yao ikiwa bado inafuka moshi. Siku hiyo Mama Upepo alikuwa kazini. Aliporudi alikuta dari la kwao limeshachorwa mistari myeupe.

Shangazi alikuwa ameahidiwa nyumba. Mkandarasi alimwahidi kwa kinywa chake, ameketi jikoni kwake, sahani ya shangazi mapajani: nyumba ya matofali, yenye dirisha la upande wa jua la asubuhi. Kwa hiyo shangazi hakubali kupanda juu mpaka aonyeshwe mlango wa kuingilia. Mama Upepo ameshambembeleza aje wabanane chumbani kwake. Mama yake husema ameahidiwa, na aliyemwahidi si mtu baki.

Mambo haya hayakuwa siri. Wenye baiskeli wanayajua, wasukuma toroli wanayajua. Gurudumu jembamba halifichi kitu. Mara kwa mara Mama Upepo husukuma toroli lake hadi kwenye mzunguko wa barabara, akashika mipini, akaongea na mama yake habari za mafuta ya taa na za magoti. Waliokuwa hawana habari ni wenye magari makubwa tu, wanaotembelea matairi kama magodoro.

Mkandarasi alirudi kabla chai ya Mama Upepo haijapoa. Akakaa juu ya rundo la matairi, akavua glavu moja.

"Usukani una mtu," alisema.

Alieleza kama mtu anayeeleza hitilafu ya breki. Mwanzo kulikuwa na mtetemo mzuri, akaufurahia. Baada ya kituo cha mafuta akaanza kusikia ufagio. Pale kwenye mzunguko, harufu ya kitunguu kinachokaangwa ikapanda kwenye mhimili wa usukani, na sauti ikamwingia viganjani: wewe mtoto, unapita sebuleni na viatu.

"Huyo ni mama," alisema Mama Upepo.

"Najua ni shangazi. Nauliza inarekebishwaje."

Mama Upepo alimwambia ziko njia mbili. Ya matairi itangoja. Kwanza akapige hodi kama watu, na honi haihesabiki. Akaingia naye garini, akakalia tairi kuukuu, kwa kuwa kiti hakikuwepo.

Kwenye mzunguko Mkandarasi alisimamisha gari, injini ikiwaka, akaweka viganja vyote viwili kwenye usukani. Alisema hodi kwa sauti ya mtu anayedai risiti.

"Karibu," ikajibu barabara nzima, pamoja na mlio wa sahani.

Shangazi alimuuliza habari za kifua, kama bado kinambana wakati wa baridi. Akasema anamsikia mwepesi, huenda hali vizuri. Akamwambia mtoto fulani ampishe mgeni kiti. Kisha akauliza, bila hasira, "Ile nyumba, baba, imefikia wapi?"

Mama Upepo alitazama mikono ya binamu yake. Swali hilo alikuwa amelingojea tangu lami ilipopoa. Neno moja lingetosha, hata jina la mtaa. Mkandarasi aliinua macho kwenye kioo cha nyuma, kioo hakipo. Akamgeukia Mama Upepo.

"Unayo 185?"

Alikuwa nayo karakanani, akamfungia. Ufagio ukapotea, kitunguu kikapotea. Kilichobaki ni kikohozi, na pale kwenye mzunguko swali lile lile, maneno yamefutika, umebaki ule mpando wa sauti mwishoni. Mkandarasi alirudi akisema mpando huo unamkera kuliko maneno. Akataka 205. Ili yaingie, ilibidi bati la juu ya gurudumu ligongwe kwa nyundo, naye akashika tochi mwenyewe.

Safari hii alirudi anatabasamu. Kigari kilichokuwa kikikata kona kama kuku sasa kilikata kona kama kabati, na usukani ulikuwa mzito kama kukoroga zege.

"Sasa limetulia," alisema.

Mama Upepo alimkumbusha kwamba asubuhi alitaka kuisikia barabara. Mkandarasi alisema ameshaisikia. Akiwa anavaa glavu akamdokeza, kwa kuwa ni damu moja, kwamba amepewa pia kazi ya upanuzi: njia ya pili, upande wa kushoto. Yale ya 165 akamwachia, zawadi.

Jioni Mama Upepo aliyapakia kwenye toroli, akayasukuma kwenda nyumbani. Alipofika kwenye mzunguko kigari chekundu kikampita bila kupunguza mwendo.

"Nani huyo kapita?" aliuliza mama yake. "Mzito huyo."

"Mtoto wa kaka yako."

"Mbona hakupiga hodi?"

"Amefunga mapana, mama."

Mama akauliza kama mtoto huyo anakunywa dawa yake ya kifua. Mama Upepo akasema haonekani kuumwa. Halafu akamweleza habari za njia ya pili.

"Kushoto ndiko tulikoweka vitanda," alisema mama, akaenda kuwaamsha majirani.

Mama Upepo alibaki ameshika mipini. Viganjani alisikia miguu ya vitanda ikiburuzwa kwenda kulia, kimoja baada ya kingine, na watu wakinung'unika kama wanavyonung'unika watu wanaohamishwa, na mmoja akiuliza kuku wakae wapi. Juu yao magari yalipita. Lami haikupata hata ufa.