Ngitili ya Maua

Mektilda alipoomba mbuga iliyo nyuma ya kanisa la kigango ifungwe iwe ngitili, yaani malisho yasiyoguswa hadi kiangazi, hakuwa akitafuta majani ya mifugo. Alitaka kurudisha ua jeupe la majimaji ambalo mama yake alilipeleka altareni kila Pasaka. Aliamini kwamba ng'ombe ndio waliolimaliza. Baraza la wazee lilikubali kwa sharti: Pasaka ikifika bila maua, mbuga itachimbwa majaluba ya mpunga.

Alileta vitunguu vya ua hilo kutoka Zagayu, akavipanda mvua za kwanza zilipolainisha udongo mweusi. Ng'ombe wa shemeji yake, Ngassa, walipovunja uzio wa miiba wa ngitili, alimshtaki bila kusita. Ngassa alitoa dume mmoja, kama sheria ya ngitili inavyodai, na wazee wakamla.

Kufikia Januari nyasi zilifika kifuani. Chini yake maua yaliyopandwa yalikuwa majani ya manjano, yamelala. Lakini kitunguu kimoja, kilichodondoka kutoka kapuni kwenye njia ya mifugo, kilikuwa kimechanua. Ng'ombe walikuwa wamekula nyasi zote zilizokizunguka. Majani yake, kwa uchungu wake, hawakuyagusa. Mektilda akaenda moja kwa moja kwa Ngassa.

“Mwangaluka, shemeji.”

“Mwangaluka. Umeniletea ngozi ya dume wangu?”

“Nimekuja kuomba ng'ombe wako. Waingie mbugani, wapunguze nyasi.”

Ngassa alicheka hadi akakohoa. “Walipoingia wenyewe walikuwa wezi. Leo ni wageni waalikwa! Na faini?”

“Anayefungua ngitili kabla ya wakati hulipa. Nitalipa mimi.”

“Una jozi moja tu ya maksai. Ukitoa mmoja utalima na nini, shemeji? Na maua?”

“Lete ng'ombe, Ngassa.”

Mektilda alimswaga maksai mwenyewe hadi barazani, akajishtaki. Wazee walimpokea mnyama. Hawakuwa na sababu ya kumkataa. Ng'ombe wa Ngassa wakaingia mbugani, wakala, wakatolewa.

Jumamosi Kuu, mkesha wa Pasaka, wazee walikwenda kukagua. Mbuga ilikuwa nyeupe kutoka ukingo hadi ukingo, na hakuna aliyetaja majaluba.

Msimu wa kulima uliporudi, Ngassa alifika shambani kwa Mektilda na jozi yake ya maksai bila kuitwa. Alilima hadi mchana, akilalamika kwa sauti kwamba maua hayavuti jembe.