Taa ya Njano na Jicho la Dalali

Matairi nilifunga jana jioni, makubwa, ya kupita kwenye tope la machimboni bila kusukumwa. Leo asubuhi, hata kilomita tatu hatujamaliza kutoka Maganzo, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi na breki zikaanza kukamata zenyewe, mguu wangu ukiwa mbali nazo. Nikazima gari, nikawasha. Taa ikarudi. Nikaipiga dashibodi ngumi na kuumia mkono, na taa haikujali.

Pembeni yangu alikaa Mama Juliana, mjane wa Edward, mkulima wa Didia. Kwenye pindo la kanga alikuwa amefunga almasi iliyotoka kwenye shimo alilomwachia marehemu. Nilikuwa nampeleka kwa mnunuzi Shinyanga mjini, mimi nikiwa dalali wake. Alinichagua mimi, akawaacha madalali wengine wote, kwa sababu moja tu: Maganzo nzima wananiita Jicho. Sina mzani. Nalitazama jiwe, nalizungusha kidogo juani, nataja uzito wake. Lake nilishalitaja, karati tatu kamili. Miaka ishirini na mbili hakuna mnunuzi aliyenibishia, na jina hilo ndilo linalonilisha.

Sasa mwenye jicho hilo anarudi Maganzo kwa mwendo wa konokono, gari linashika breki kila baada ya hatua kumi, na bodaboda zinampita zikimpigia honi. Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto.

"Shikamoo, Mzee Jicho," Ignas alinipokea gereji. Ni fundi mzuri, lakini ana upole unaochosha mtu mwenye haraka.

"Marahaba. Nitolee hii taa. Mama ana safari."

Akachomeka kimashine chake chini ya usukani, akakisoma kwa utulivu wote wa dunia.

"Kinasema magurudumu hayaendi sawa, Mzee. Ya mbele na ya nyuma yanapishana mwendo. Matairi yote ni saizi moja?"

"Ignas! Unaniuliza mimi?"

"Nauliza tu."

"Nimeyachagua mwenyewe kwenye rundo la mitumba la Loveness. Yeye alitaka kunisomea namba za ubavuni, nikamwambia asinipotezee muda. Mtu anayetenganisha almasi na chupa iliyovunjika ashindwe kuona tairi?"

Ignas akacheka, akaomba radhi. "Kama ni jicho lako, matairi hayana shida. Basi ni waya."

Hapo ndipo asubuhi yangu ilipokufa. Gari likapandishwa juu ya magogo, magurudumu yote yakatolewa. Ignas akasafisha vile vidude vinavyosoma mwendo wa gurudumu, kimoja kimoja, kwa mswaki wa meno. Akarudisha magurudumu, akazunguka na gari uwanja wa mnada, akarudi na taa inawaka. Akachomoa betri dakika kumi, akazunguka tena, taa inawaka. Akabadilisha fyuzi. Akaenda kuazima kimashine cha mwenzake, nacho kikasema yale yale. Nikamwambia vimashine vyote viwili ni vya kichina na vimeambizana. Nikamwambia na ufundi wake nao ni wa kichina. Akalipandisha gari tena juu ya magogo, akatoa magurudumu yote manne kwa mara ya pili, akayalaza chini.

Muda wote huo Mama Juliana alikuwa amekaa kwenye benchi. Kila nikimtazama nilimwambia, "Dakika tano tu, mama." Nadhani nilisema hivyo mara nane.

Mwisho Ignas akanawa mikono, akaninong'oneza. "Mzee, wengine huwa tunawabandikia utepe mweusi juu ya taa. Mtu haioni, anaendesha kwa amani."

"Na breki?"

"Utaenda polepole."

Nilikuwa nimechoka. Nikasema, "Bandika."

"Yaya," Mama Juliana akasema. Kwa Kisukuma maana yake hapana, na alilisema taratibu tu. Akainuka, akafungua kamba ya katani iliyofunga kikapu chake, akaniambia, "Pamba tunapanda kwa kamba, Baba Ritha. Mstari ukipinda, jicho halioni mpaka miche iote."

Akachuchumaa kwenye tairi la mbele. Akalizungushia kamba mahali linapokanyaga barabara, akafunga fundo palipokutana. Akaichukua kamba ile ile mpaka tairi la nyuma, akaizungusha. Fundo halikufika. Zikabaki nafasi za vidole vinne, vyake, vya mkulima, vinene. Akapima na yale mengine mawili. Ya mbele yote madogo, ya nyuma yote makubwa.

Ignas akafuta vumbi ubavuni kwa kiganja, akasoma namba za tairi moja, akahamia la pili. Namba hazikufanana, na hakunicheka. Angalau angenicheka ningejua la kufanya.

"Yanafanana mno," nikasema. "Hata wewe Ignas, umeyashika mara mbili nzima!"

"Mimi nilikuamini, Mzee."

Nikageuka kwa Mama Juliana nimweleze kwamba tairi ni tairi na jiwe ni jiwe. Alikuwa amesimama, mkono umeshika lile pindo la kanga.

"Mimi napanda basi," akasema. "Naenda soko la madini. Kule kuna mzani."

"Mama Juliana, jiwe lako ni karati tatu. Nakuapia."

"Labda ni tatu." Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Edward alikuletea mawe sita kabla hajafa, Baba Ritha. Sita. Tukala, tukamsomesha Juliana mpaka darasa la saba, pesa ikaishia hapo. Yale nayo uliyapima kwa jicho?"

Basi la kutoka Mwanza lilikuwa limeshapiga honi barabarani, na yeye alikuwa bado amesimama ananisubiri nijibu.

"Ndiyo," nikasema. "Yote sita."