Mgeni wa Athanasi

Mektilda alikuwa na makaburi manne ya kuhamisha, na moja kati ya hayo halikuwa la ndugu yake.

Reli mpya ilikuwa inakuja Malampaka. Wapimaji walipita na rangi nyekundu, wakachora alama kwenye miti, kwenye ukuta wa choo cha jirani, na hatimaye kwenye mawe ya makaburi yaliyokuwa nyuma ya shamba lake la pamba. Halafu mtendaji wa kijiji akaja na karatasi zilizotoka Bariadi. Kila ukoo uandikishe marehemu wake, wahamishiwe eneo jipya kule mlimani.

Mektilda akaandikisha baba yake Athanasi, mama yake, na kaka yake mkubwa.

"Na lile la nne?" mtendaji akauliza.

"Andika Mgeni."

"Mgeni nani, mama? Hapa wanataka jina."

"Hata sisi tulilitaka. Hakuwahi kulitaja."

Mektilda alikuwa na miaka saba mtu huyo alipokuja. Baba yake alikuwa amepeleka pamba stesheni na mkokoteni wa ng'ombe, akamkuta mtu amelala kando ya reli, homa imemshika hata kusimama hawezi. Treni iliyomshusha ilikwisha kwenda zake Mwanza. Athanasi alimpandisha kwenye mkokoteni, akaja naye nyumbani. Wengine walisema ni Mrundi aliyekimbia mauaji ya mwaka ule, wengine wakasema ni mtu wa Kigoma. Yeye mwenyewe alisema maneno machache kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Mama yake Mektilda alimnywesha uji kwa kijiko siku tatu. Siku ya nne akafa, shanga za sala zikiwa zimezungushwa mkononi mwake.

"Amekufa ameshika rozari," Athanasi aliwaambia majirani. "Huyu ni mwenzetu." Akamwosha kwa mikono yake, akamzika pamoja na shanga zake, akamwekea msalaba wa mti wa mkuyu. Tangu hapo, kila Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, familia ilipopalilia makaburi yake ilipalilia na la Mgeni. Wazee walipofariki, kazi hiyo ikabaki kwa Mektilda. Kwa miaka hamsini kaburi hilo halikukosa kupaliliwa hata mwaka mmoja.

Siku ya kufukua walifika asubuhi: mafundi wenye majembe, Sylvester katekista na kitabu chake cha sala, Bujiku mdogo wake Mektilda, na Bwana Afya kutoka wilayani, mtu mpole wa Pangani aitwaye Shabani, aliyekuwa na mwaka wa nne akifanya kazi Maswa. Baba, mama na kaka walitolewa kwa heshima, mifupa ikafungwa kwenye sanda mpya. Mektilda alilia kidogo kwa mama, akanyamaza.

Walipofika kwa Mgeni, fundi akainua koleo na kusema, "Kuna vitu hapa."

Zilikuwa shanga. Uzi wake ulikwisha kuoza zamani. Sylvester alichuchumaa, akaziokota moja moja na kuzipanga juu ya kitambaa, akitafuta makumi ya rozari. Hayakupangika. Akatafuta msalaba kwenye udongo, akachekecha kwa vidole, hakuuona.

"Thelathini na tatu," akasema. "Na hizi mbili ndefu, sijui ni za nini."

Bwana Shabani alivua glovu zake. Alichukua shanga moja akaisugua kwa kidole gumba.

"Mama," akasema, "hii si rozari. Ni tasbihi. Mgeni wenu alikuwa Mwislamu."

Bujiku ndiye aliyejibu kwanza.

"Basi si wetu. Sisi tumemaliza. Bwana Afya, mchukue, mkazikane wenyewe."

"Bujiku!" Sylvester akamkemea.

"Nimekosea nini? Miaka yote hii tumemwombea mtu ambaye hata sala zetu hazijui!"

Mektilda hakuwasikia vizuri. Alikuwa amekaa chini kwenye tuta la pamba, na hakuwa anamfikiria Mgeni. Alikuwa anamfikiria Luhende.

Luhende alikuwa mwanawe wa mwisho. Malisho yalipobana, aliondoka na ng'ombe pamoja na vijana wengine wa Kisukuma, wakashuka kusini mkoa kwa mkoa, wakifukuzwa hapa na kupokelewa pale, mpaka wakafika Liwale. Miaka sita iliyopita alipiga simu akiwa na furaha. Amepata mchumba, binti wa watu wa huko. Watu hao ni Waislamu, naye amekubali kuifuata dini yao.

Mektilda alikuwa amesimama jikoni siku ile, mwiko mkononi. Alisema, "Basi kaa huko huko. Mimi sina mtoto Liwale." Akakata simu. Wiki mbili baadaye, hasira zilipopoa, alipiga. Namba haikupatikana tena.

Hakumwambia mtu, hata padri kwenye kitubio. Na sasa alikuwa amekaa kwenye tuta, akitazama mifupa ya mtu aliyempenda tangu utoto bila kumuuliza dini yake.

Alisimama, akakung'uta kanga.

"Bwana Shabani, nipeleke kwa wenzako."

Imamu wa Malampaka, Mzee Idrisa, alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga karibu na stesheni. Aliwakaribisha kwenye benchi, nywele zake nyeupe kwa pumba, akazima mashine ili asikie vizuri. Mektilda alimweleza yote, tangu mkokoteni wa ng'ombe hadi shanga.

"Tulimwekea msalaba," akamalizia. "Hatukujua. Tumemkosea sana?"

"Mlimpa chakula?"

"Uji. Mama alimnywesha."

"Nani alimwosha?"

"Baba yangu."

Mzee Idrisa alitazama nje, reli ya zamani ilikokuwa inang'aa juani. "Babu yangu alitoka Tabora kuja kuijenga ile. Sisi Waislamu wa hapa karibu wote tulishuka kwenye treni, mama. Ila sisi tulishuka wazima. Huyu alishuka mgonjwa, akapokewa na baba yako. Nikuambie mmemkosea nini? Kesho tutakuja kumchukua."

Walikuja watu kumi na wawili, wengine wameacha biashara zao gulioni. Eneo jipya lilikuwa na sehemu mbili, ya Wakristo na ya Waislamu, zikitengwa na ua wa minyaa. Mzee Idrisa alichagua pahali pembeni kabisa, hatua chache tu kutoka kwa Athanasi. Wanaume walipoanza dua, Mektilda alibaki upande wake wa ua na Sylvester, kofia ya katekista ikiwa mkononi. Hakujua maneno yao, kwa hiyo akasema ya kwake, Salamu Maria, polepole, mpaka wakamaliza. Bujiku alifika amechelewa. Hakumwangalia mtu, lakini alichukua jembe akasaidia kufukia.

Watu walipoanza kushuka mlimani, Mektilda alimfuata imamu.

"Mzee, nina ombi jingine. Nina mtoto wangu amepotea huko Liwale. Sikumpoteza kwa bahati mbaya. Nilimfukuza kwa mdomo wangu. Naye ni mwenzenu sasa."

"Jina lake?"

"Luhende. Lakini nadhani wamempa jingine."

Mzee Idrisa alicheka kwa wema. "Msukuma mwenye ng'ombe akiwa Liwale hawezi kujificha. Watu wetu wananunua ufuta kule. Nitauliza msikitini, wao watauliza kwenye misikiti ya kule."

Mwezi ukapita, na wa pili. Pamba ikafunguka, ikachumwa. Mektilda alikuwa ameanza kujizoesha kutosubiri, Bwana Shabani alipokuja na pikipiki akamletea kipande cha karatasi chenye namba ya simu.

Alikaa na ile karatasi siku mbili. Siku ya tatu, jioni, jua likiwa bado halijazama, aliketi kwenye kigoda nje ya nyumba, akabonyeza.

"Mayu?" Sauti ilikuwa nzito kuliko aliyoikumbuka, lakini hakuna mwingine duniani aliyemwita mama hivyo. Halafu, kwa woga: "Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu. Tumezika, lakini hajafariki mtu."

"Sielewi."

"Utaelewa baadaye. Ng'wanone, mwanangu, siku ile nilisema neno baya."

"Yamepita, mama."

"Hayajapita. Nimekaa nayo miaka sita. Niache niyaseme yatoke." Akayasema yote, pamoja na yale ya jikoni na ya simu aliyopiga ikiwa imechelewa. Luhende alisikiliza. Alipojibu, sauti yake ilikuwa imelowa. Akasema kwamba simu ile iliibwa wakati wanahamishwa tena na ng'ombe wao, kwamba baada ya hapo aliogopa kupiga, na kwamba ng'ombe wengi ameuza, sasa analima ufuta. Wenyeji wamempa shamba. Mkewe ni mtu mwema. Wakishavuna watakuja, kama wanakaribishwa.

"Unaniuliza kama mnakaribishwa?" Mektilda akafoka, na wote wawili wakacheka. "Mna watoto?"

"Mmoja. Sharifa."

"Sharifa," Mektilda akarudia. "Anajua Kisukuma?"

"Neno moja tu. Ngoja nimpe."

Kukasikika minong'ono, simu ikipita mkono kwa mkono, na kisha pumzi ndogo karibu kabisa na sikio.

"Mwangaluka," akasema mtoto, ambaye hakuwa amefundishwa kwamba hiyo ni salamu ya asubuhi.

Jua lilikuwa linazama upande wa stesheni.

"Mwangaluka, mjukuu wangu," Mektilda akaitikia. "Umeamkaje?"