Hodi ya Jumatano

...na kalamu yenyewe imefungwa kamba mezani kama mbuzi, Hind anaitazama, anautazama mstari mtupu wa saini, milioni nne na nusu, makato ya miaka mitatu, hawa wanafunzi wake wa darasa la kwanza wanaojifunza kushika penseli watafika la nne naye bado anakatwa mshahara, lakini heri makato ya benki kuliko wale kausha damu waliomkopesha baba milioni moja na nusu ya kujaza duka vitenge, riba ikazaa, ikazaa, mpaka mtoto akampita mzazi kimo... "Ni hapo nilipoweka alama, madam," anasema Melkiori, kijana wa mikopo, na kupitia dirishani Kariakoo inapiga kelele, shuka elfu kumi, kumi tu mama, kumi tu... kila Jumatatu wale vijana wa kausha damu walipanda ngazi za nyumba yao ya Msimbazi mpaka ghorofa ya pili, hodi, Mzee Mbaruk, hodi humu ndani, na baba, baba huyu huyu aliyemfundisha Hind tangu hajaota magego kwamba hodi haicheleweshwi, hata kama mikono ina unga unaitikia karibu kwanza, baba aliweka kidole mdomoni, mama akazima jiko, wakakaa watatu juu ya zulia wakisikilizana pumzi, mchuzi ukipoa, mpaka hodi ya tatu ipite, maana baada ya tatu mgeni huondoka, ndiyo desturi, hata wadai wana desturi... lakini ile ilikuwa Jumatano, hodi ya mkono mwepesi, "Hodi jamani, Khairunnisa, hodi," na sauti waliijua, Bi Maimuna wa ghorofa ya kwanza, aliyekuwa akimfungia Hind visheti kwenye karatasi utotoni kila akitoka chuoni kusoma Kurani, mama akainuka nusu, "Ni Maimuna huyo," lakini wiki ya kabla yake wale vijana walimtuma mtoto wa jirani agonge ili mlango ufunguliwe, huenda na huyu wamemtuma, kidole kikawa mdomoni, mama akakaa, hodi ya pili, ya tatu, kisha ndala zikashuka, pa, kimya, pa, kimya, zikipumzika kila ngazi, na jioni wakasikia ameokotwa chini ya ngazi, bajaji ikamkimbiza hospitali kule Upanga, hakurudi, na kwenye matanga mwanawe Muaz akauliza, bila ubaya wowote, "Mama nasikia alipanda kwenu, mlikuwa mmetoka?" na mama akajibu, "Tulikuwa tumetoka, mwanangu," Hind akainamia sinia la wali... "Mbona umeganda, madam?" Melkiori anacheka, "mwalimu anafeli mtihani wa kuandika jina lake!" naye anatabasamu, "Nasoma kwanza, baba, nisije nikakosa," ingawa hasomi, kwenye sababu ya mkopo ameandika ukarabati wa nyumba, hapakuwa na nafasi ya kuandika nataka wazazi wangu waitikie hodi tena, nataka baba alipe, afungue mlango, aseme karibu, baba aliyetuziba midomo... ila kidole kile, mbona leo anakiona karibu hivi, kina vumbi jeupe kwenye kucha, baba hashiki chaki, baba siku ile alikuwa ameegemea ukuta akiuliza kwa macho, nani, nani, masikio yake siku hizi mazito, hakusikia kitu, mama ndiye aliyesikia, mama ndiye aliyeinuka, na kidole kilichomkalisha ni kile kinachonyamazisha watoto arobaini na wanane kila asubuhi, ssh, na mama, kama mtoto mtiifu, akanyamaza... miezi minne amemwachia baba kidole kisicho chake... basi atasaini, lazima asaini, Jumatatu hawatakuja tena, ila benki haina fomu ya ile Jumatano, na leo akirudi nyumbani hatapanda moja kwa moja hadi ghorofa ya pili, atasimama ya kwanza, mlangoni kwa Muaz, atasema hodi, Muaz tulikuwepo, mimi nilikuwepo, na akinyamaza atapiga ya pili, na ya tatu, na kama ataachwa ngazini, basi na aachwe... "Hodi," sauti ya mwanamke mtu mzima mlangoni, bahasha kifuani, Melkiori ana simu sikioni, hainui kichwa, "hodi wanangu," mara ya pili, na Hind, kalamu mkononi, mstari ungali mtupu, anageuka kabla ya ya tatu, "Karibu," anasema, kwa sauti kubwa mno kwa chumba kile, "karibu, mama, pita, tupo."