Kreti ya Wakhungu

Nyongesa kinyozi anadai kwamba siku mbwa wa Mama Gichuki waliponyamaza, yeye alikuwa amemnyoa mteja nusu kichwa, na kile kimya kikamshtua mkono. Mashine ikateleza, ikachora barabara kutoka sikio moja hadi la pili. Mteja hakulalamika, anasema Nyongesa, kwa sababu naye alikuwa anasikiliza. Tangu hapo vijana wa Kitale wakawa wanaitisha huo mtindo. Wanauita Kimya.

Habari ya mtindo ni ya kweli. Kwingine Nyongesa ametia chumvi. Mbwa hawakunyamaza siku moja. Walinyamaza mmoja mmoja, na aliyejua kila mmoja alinyamazaje ni Nabwile, msichana wa Bumula aliyeishia darasa la nane, mwenye subira ya kungoja maharagwe yaive bila kufunua sufuria.

Mama Gichuki alikuwa na duka la dawa za mifugo karibu na kinu cha mahindi. Mwaka ule wa vurugu, watu walipopakia vitanda kwenye malori wakahama, mbwa wakubwa waliyafuata malori. Wadogo walishindwa na mwendo. Mama Gichuki aliwaokota kwenye mitaro na ndani ya nyumba zisizo na paa, akawaleta uani nyuma ya duka, akamwandika Nabwile awatunze. Kila mbwa alipewa kreti mbili za mkate, moja imefunikwa juu ya nyingine na kukazwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, upande mmoja umekatwa mlango. Humo wakalia. Walilia jua likichomoza, wakalia kinu kikisaga, wakalia wahubiri wakihubiri sokoni, mpaka Dancan, mwenye ploti, akaja na kofia mkononi.

"Mama, mimi pia napenda wanyama," alisema. "Lakini wapangaji wanahama. Hawa wasiponyamaza nitaita watu wa nyama."

Watu wa nyama walikuwa wale wanaopita mitaani wakiwatupia mbwa nyama yenye sumu. Walikuwa watu wapole na walifanya kazi yao haraka.

Nabwile alianza na yale ambayo macho yake yalimfundisha. Aliacha mlango wa kreti wazi, akaweka chakula ndani, mbwa aingie kwa hiari yake. Alifunika kreti kwa leso kuukuu. Alikaa amewapa mgongo, akipukuchua mahindi, ili wazoee kuwa na mtu asiyewataka kitu. Mbwa akilia, hakufungua. Alingoja mpaka avute pumzi, ndipo akafungua.

"Si umhurumie tu umtoe," Mama Gichuki alimwambia.

"Nikimtoa akilia, nitakuwa nimemfundisha kulia."

Ilisaidia. Walinyamaza kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha wakaanza tena. Nabwile akawatazama sana. Akaona kwamba hawakulilia njaa wala baridi. Walikuwa wanainua masikio kila mtu alipoita mtu mwingine barabarani, halafu wanayashusha. Wenye mbwa walikuwa wameondoka na majina ya mbwa kwenye lori.

Kwao, kwa Wabukusu, mtoto mchanga akilia na kukataa titi, watu hawahangaiki. Nyanya mtu, yule wanayemwita kukhu, hukaa naye mlangoni akamtajia majina ya marehemu, mmoja baada ya mwingine, mpaka lifike jina linalotaka kukaa kwa mtoto. Hapo ananyamaza, ananyonya, na kazi imeisha. Nabwile hakuona kwa nini mbwa asitendewe hivyo. Akavuta kigoda, akaanza na marehemu aliowajua. Wake walipoisha akaazima wa Mama Gichuki.

Mbwa mweupe mwenye doa jicho moja aliinua kichwa aliposikia jina la baba mkwe wa Mama Gichuki, lakini hakunyamaza.

"Wachila," Nabwile alirudia. "Wachila. Ni kama ni yeye, na ni kama si yeye."

Mama Gichuki akatoka dukani na kopo la dawa ya kupe mkononi. "Wewe unamwita nani? Ni Wachira."

Mbwa akashusha pumzi ndefu, akaingia kwenye kreti, akaivuta leso kwa meno mpaka ikafunika mlango. Kuanzia siku hiyo hakugusa chakula bila kusalimiwa kwanza, na redio ikipigwa kwa sauti alikohoa. Mama Gichuki aliacha kuvaa suruali dukani, kwa sababu mkwe ni mkwe.

Mambo yakaenda hivyo. Kijike mwekundu alikubali kuwa Jeruto, mama aliyeuza maziwa kabla ya homa kumchukua. Wajukuu wake wakaja na maziwa lala ndani ya kibuyu, wakaketi kungoja amalize kulala. Benchi la uani lilikuwa moja tu. Watu ambao tangu vurugu hawakuwa wanasalimiana walisogeleana wakabanana hapo, kila mmoja na marehemu wake magotini, wakiulizana kama wako anakula ugali au anachagua. Mtoto wa mtu akacheka, na wakubwa wakafuata. Dancan mwenyewe alipita siku moja kuhesabu kelele, akaishia kumkuna shangazi yake tumboni.

Akabaki mmoja. Alikuwa wa kahawia, miguu mifupi, sikio moja limekunjika kama bahasha. Aliyakataa majina yote.

"Ni huyu tu amebaki, lakini analia kama kumi," Dancan alisema. "Watu wa nyama wakija, Mama, hawachagui. Watawatupia wote. Wanakuja Ijumaa."

Mama Gichuki alikaa kwenye mfuko wa chumvi ya ng'ombe. "Nimemaliza wote. Hata babako nilimjaribu, wewe ulipoenda mtoni. Nikaita Wakungu, Wakungu, akazidi kulia tu."

"Ulimwita nani?"

"Wakungu. Si ndiye babako?"

"Huyo simjui," Nabwile alisema.

Jina la baba yake alikuwa amelipita makusudi. Aliogopa kwamba akiitwa atakuja, na akija atauliza habari za shamba. Maana hata kabla matanga yake hayajaisha, Hillary, mdogo wa marehemu, aling'oa mikonge ya mpakani akaipanda upya katikati ya miwa ya marehemu, akisema ndivyo walivyokubaliana wakiwa wawili. Miwa ikawa yake, na karo ya sekondari ikapotea nayo. Nabwile, aliyekuwa amepita mtihani, akakaa nyumbani mwaka mzima akiangalia wenzake wakipita na masanduku ya bweni, kisha akaja Kitale kutafuta kazi. Baba yake alikuwa mtu wa kuuliza maswali, na jibu hili hakutaka kumpa.

Alitazama zile kreti nyingine, leso zikipanda na kushuka kwa pumzi za waliolala. Akachuchumaa mbele ya yule wa kahawia, akalitamka jina lote na kh yake, kutoka kooni.

"Wakhungu."

Mbwa alimtazama mikono. Akaingia, akageuka, akalala akielekeza uso mlangoni, jinsi baba yake Nabwile alivyokuwa akilala. Hapo ndipo Nyongesa alipomharibu yule mteja.

Ijumaa watu wa nyama walifika, wakasimama uani, wakasikiliza. Wakakaribishwa chai. Mmoja wao alitaja jina la mama yake kwa sauti ya chini, akijaribu bahati tu, lakini kreti zote zilikuwa na wenyewe.

Wakhungu alikaa siku chache tu, kisha akawa anaenda langoni kila asubuhi na kuangalia upande wa Bumula. Nabwile akaomba ruhusa. Walishuka Bumula na gari la mkate, ambalo dereva wake alizikagua zile kreti njia nzima.

"Hizi si ni zetu?"

"Ni zenu. Lakini zina mtu."

"Basi akitoka mtarudisha," dereva alisema.

Sellah, mama yake Nabwile, alikuwa anaanua nguo. Mbwa akateremka, akajikung'uta, akamwendea moja kwa moja.

"Wakhungu," Sellah alisema. "Umekonda, bana."

Alimwosha miguu kwenye beseni. Akamtilia chai kwenye kifuniko cha sufuria, yenye majani mengi, alivyoipenda. Akamkalisha kwenye leso yake na kumpa habari zote tangu aende: nani ameolewa, ng'ombe gani amezaa, ni bati gani linavuja na yeye amelizibaje kwa sabuni. Kila habari mbwa alitikisa mkia, na Sellah akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Nabwile alikuwa hajamsikia akicheka hivyo tangu matanga. Majirani wakaja kusalimia. Hillary naye akaja na kuku chini ya kwapa, kwa sababu ndugu akirudi huendi mikono mitupu.

"Karibu, kaka," alisema. "Umepotea sana."

Wakhungu alimnusa viatu. Kisha akaondoka mwendo wake wa haraka, akaingia kwenye miwa ya Hillary, na watu wakamfuata na vikombe vyao. Ndani kabisa alisimama, akainua mguu, akakojoa. Akaenda mbele kidogo, akakojoa tena. Alifuata mpaka wa zamani bila kukosea hata kidogo. Palipokuwa na mkonge uliokufa mwaka wa kiangazi, alisimama, akafikiri, akapita. Kila alipokojoa mkonge uliota, ukasimama urefu wa goti, na miwa ikasogea kando kuupa nafasi.

Liguru, mzee wa mtaa, aliitazama safu ile ya mikonge mwanzo hadi mwisho.

"Mpaka umeonekana vizuri," alisema.

"Ni kweli ulikuwa hapo," Hillary alikubali. "Mimi siwezi kubishana na kaka yangu. Lakini miwa nimeshaipanda upya, wazee, na mwenye kupanda huvuna."

Wazee walisema hilo nalo ni neno. Wakarudi kula kuku. Hillary ndiye aliyepalilia ile mikonge mipya, kwa uangalifu mkubwa, ili isiguswe na jembe la mtu. Miwa akaendelea kuikata pande zote mbili.

Alipomaliza kupalilia alikuja uani kwa Sellah. Wakhungu alikuwa ameingia kwenye kreti yake na kuivuta leso. Sellah alikuwa ameegemea kreti hiyo akichambua mboga, anaimba kidogokidogo, na Nabwile anapukuchua mahindi. Hillary alichuchumaa, akavua kofia.

"Kaka," aliiambia leso. "Watu wanaongea vibaya. Bweka hata mara moja tu, wasikie kwamba mimi na wewe hatuna neno."

Mahindi yakadondoka kwenye ungo. Hillary akasogeza sikio karibu zaidi.

"Mara moja tu, Wakhungu."